Kwa Baba Aliyetaka Kusahihisha Kabazi

Mpendwa Baba,

Barua ulizotufundisha kuandika darasani zilikuwa lazima zianze kwa kumuuliza mtu hali yake. Leo nitaruka hapo. Hali yako naijua, maana nilikuwepo Septemba tukikulaza kando ya shamba la kabeji, na Mama akilalamika kwamba wachimbaji wamekanyaga miche. Yangu ndiyo huijui. Bado niko huku town, Bondeni, chumba kile kile. Bado nafungua saiba, lile duka la kompyuta na intaneti, kila asubuhi, na Bwana Singh bado ananiita "binti ya Mwalimu" mbele ya wateja, kana kwamba ndicho cheo alichoniajiri nacho.

Juzi msichana wa sekondari aliketi kwenye ile kompyuta ya dirishani, akasoma kidogo, akageuka kuniuliza, "Madam, hii vitu ya internet mtu anaweza amini?" Nilicheka mpaka akaona aibu. Nilitaka kumwambia kwamba swali hilo lina mwenyewe, na mwenyewe alikaa kwenye kiti hicho hicho akiwa na koti la kahawia na Biblia ndani ya karatasi ya plastiki. Badala yake nilimwambia asome kwanza tuongee baadaye. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza nawe kichwani, kwa hivyo nimeona heri niandike.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa mwaka jana, mvua za masika zikiisha. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ulikuwa unashuka kutoka Kabazi kuja kliniki ya presha, halafu unapitia saiba kuningoja tule chakula cha mchana. Siku hiyo wateja hawakuwepo, nikakuonyesha ile ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ya Kiswahili. Nilijua utaipenda. Wewe ni mtu uliyesoma hata maandishi ya pakiti ya mbolea.

"Hiki ni kitabu cha nani?" uliuliza.

"Si cha mtu, Baba. Watu wote wanaandika."

"Watu wote gani?"

"Mtu yeyote anayetaka."

"Hata mlevi?"

"Hata mlevi. Lakini akiandika upuzi, mwingine anakuja anafuta."

"Na huyo anayefuta amechaguliwa na nani?"

"Na yeye ni mtu yeyote."

Ulivua miwani, ukaipangusa kwa ncha ya tai. "Kwa hivyo mlevi anaandika, mtu yeyote anafuta, halafu mtoto wa shule anasoma na kumpelekea mwalimu wake."

"Na mara nyingi iko sawa, Baba."

"Basi huo ni muujiza," ulisema. "Na mimi ni mzee wa kanisa, miujiza naifahamu."

Bwana Singh alikuwa kwenye meza yake akirekebisha printa, akaingilia. "Mwalimu, sisi kitabu yetu ya hekalu iko na kitanda yake. Kila jioni tunaifunika, tunaipeleka chumba yake inalala. Asubuhi tunaiamsha."

Ulivutiwa sana. Ulimuuliza kuhusu kitambaa, kuhusu mto, kuhusu nani anaibeba. Halafu ukaielekeza kompyuta kidole. "Na hiki hulala wapi?"

"Hii haina heshima," Bwana Singh alisema. "Hii mimi nazima tu switch."

Kosa langu lilikuwa kukuandikia jina la Kabazi tuone kama liko. Lilikuwepo, sentensi moja. Ilisema Kabazi ni mji mdogo wa Nyandarua, wilaya ya jirani.

Sijawahi kukuona ukikasirika hivyo kwa ajili ya kitu kisichokuwa nguzo ya ua iliyosogezwa. Ulitaka kujua mwandishi anaishi wapi umwandikie. Nilipokwambia kwamba unaweza kusahihisha mwenyewe, sasa hivi, bila kuomba ruhusa kwa yeyote, uliangalia mlango kama mtu anayehofia kuonekana. Halafu ukanyoosha mgongo na kuanza kuniamrisha niandike, polepole, kwa sauti ya imla: Kabazi, koma, iliyoko karibu na Subukia, koma. Tuliandika aya tatu. Uliweka viazi, kabeji, shule ya msingi uliyofundisha miaka yote ile, na jinsi ukungu unavyoshuka asubuhi za Julai.

Mwezi uliofuata ulikuja moja kwa moja saiba kabla ya kliniki. Aya zako hazikuwepo. Wilaya ilikuwa imesahihishwa, hilo walikubali, lakini mengine yote yalikuwa yamefutwa na mtu aliyejiita kwa herufi tatu, naye ameacha maneno mawili: haina chanzo.

"Chanzo?" ulisema. "Mimi ndiye chanzo! Nimezaliwa pale!"

"Wanataka kitu kilichoandikwa mahali, Baba. Gazeti, kitabu."

"Nikiandika hawakubali mpaka kiwe kimeandikwa. Sasa kitaandikwa na nani, kama anayejua haruhusiwi?"

Ulimwandikia yule wa herufi tatu barua. Ilianza "Ndugu mpendwa" na ikamalizika kwa baraka. Alijibu kwa adabu kwamba anashukuru, lakini wanahitaji chanzo. Mwezi uliofuata tena ulikuja na karatasi iliyotiwa sahihi na wazee tisa wa Kabazi, na muhuri wa kanisa juu, ukiniuliza tutaiingizaje kwenye kompyuta.

Tukabishana, Baba, na yale mabishano ndiyo ninayoyakosa kuliko kitu chochote. Ulisema Maandiko hayana shida kama hizi, yameandikwa na yamekaa. Nami nikakukumbusha jinsi ulivyogomea ile tafsiri mpya kanisani. Wiki sita ulisoma kwa sauti kutoka ya zamani huku kanisa zima likisoma mpya, na nyimbo ndizo zilizowapatanisha. "Maneno yalibadilishwa," nilisema, "na hata hujui ni nani aliyebadilisha." Hapo ukatabasamu, kwa sababu ulipenda mtoto akujibu vizuri.

Ndipo nikakuonyesha kile kilichokumaliza kabisa. Nilibonyeza mahali palipoandikwa historia, ikatokea orodha ya kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye ukurasa wa Kabazi: nani, lini, neno gani lilitolewa, neno gani lilitiwa. Hata makosa yetu ya kwanza yalikuwepo, ile "Kabzi" niliyokosea kuandika.

Uliipitia mstari kwa mstari. "Hapa wametushinda," ulisema. "Kila mtu amekamatwa na neno lake."

Sasa nifike Januari ya mwaka huu. Nimezunguka na nyimbo na tafsiri kwa sababu sitaki kufika huku, lakini wewe ulikuwa unasema insha isiyofika kwenye jambo inapewa sifuri.

Nilikuwa nimekuja nyumbani Krismasi na kupiga kura, halafu matokeo yakaleta vita vya makabila, barabara zikafungwa kwa mawe nikashindwa kurudi town. Unakumbuka siku zile. Tulikuwa tunaona moshi upande wa bondeni na hatujui ni wa nini. Kulikuwa na watu wa kabila letu waliofukuzwa kwingine, wamelala kanisani na watoto na magodoro, na kila mmoja alikuwa na habari yake. Vijana walikuwa wamekaa madukani na mapanga, wakisema wanalinda. Na kulikuwa na simu. Meseji zilikuwa zinaingia tangu asubuhi: chungeni hapa, wanakuja pale.

Tata Wacuka, dada yako wa Lanet, alinitumia meseji asubuhi moja. Ilisema amesikia kuna stoo huko juu inawekwa mishale, tuwe macho. Haikutaja jina la mtu. Haikutaja hata Kabazi.

Baba, unajua nilichofanya, lakini sijawahi kukuandikia. Niliogopa. Niliketi juu ya kitanda na kufikiria ni nani huku kwetu ana stoo kubwa, na jibu lilikuwa moja. Nikamtumia rafiki yangu mmoja: Tata anasema kuna stoo ina mishale, mwenye stoo kubwa huku ni Baba Chebet tu, tuombe. Nilimalizia na neno "tuombe." Nilijiona nimefanya kitu kizuri.

Baba Chebet, jirani yetu aliyekuwa anaimba besi kando yako kila Jumapili. Mtu pekee wa kabila la wale waliowafukuza watu wetu aliyekuwa bado hajahama, kwa sababu wewe ulimwambia akae.

Saa nne Mama aliingia mbio kutoka dukani. "Mwalimu, vijana wanaenda kuchoma kwa Baba Chebet. Wana petroli."

Hukumaliza chai. Ulichukua fimbo yako na, sijui kwa nini, daftari na kalamu kutoka juu ya kabati. Nilikufuata. Madukani walikuwa labda thelathini, na Kim wa fundi baiskeli ndiye aliyekuwa ameshika jerikani. Ulisimama katikati ya njia ya kwenda kwa Baba Chebet, ukipumua kwa shida.

"Mwalimu, toka hapo," Kim alisema. "Hii si maneno ya kanisa."

"Sijasema ni ya kanisa. Nauliza tu. Mishale umeiona?"

"Iko kwa simu! Kila mtu anajua!"

"Nionyeshe."

Alikupa simu. Ukaisoma kwa sauti: stoo ya Baba Chebet mishale mia tatu, wanapiga leo jioni. Ukafungua daftari, ukaandika neno kwa neno, na pembeni ukaandika jina lake lote, Kimani. "Ulitumiwa na nani?"

Kim alimwonyesha mwenzake. Simu ya huyo ilisema stoo imejaa mishale, leo. Hakukuwa na mia tatu. "Mia tatu umetoa wapi, Kimani?" uliuliza. Kim akasema alidhani. Ukaandika: Kimani alidhani. Wengine wakacheka kidogo, halafu wakajizuia.

Ulikuwa umewafundisha wote kusoma. Nafikiri ndiyo maana walisimama kwenye mstari bila kujua wamesimama. Simu ya tatu haikuwa na neno "leo." Ya nne haikuwa na "imejaa." Kila ulipofika kwa mtu, meseji ilikuwa imepungua, na wewe ulikuwa unaandika alichoongeza na jina lake, bila kumgombeza. Mimi nilikuwa nyuma yako, na nilikuwa naona inakokwenda.

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni pa duka la mamake. "Na wewe ulitumiwa na nani?"

Alinitazama mimi.

Uligeuka. Sitasahau jinsi ulivyogeuka, Baba, mwili mzima, polepole, kwa sababu ya ile shingo yako iliyokuwa inauma. Ulinyoosha mkono nikakupa simu. Ulisoma ya Tata, kisha ukasoma yangu. Mbele ya watu wote ulizisoma zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, ili wasikie kwamba jina la Baba Chebet lilitoka nyumbani kwako.

"Wambui. Mishale uliiona?"

"Hapana, Baba."

"Andika hivyo."

Ulinipa kalamu. Niliandika juu ya mgongo wa daftari lililokunjwa: Mimi Wambui sikuona. Ukaniambia niweke sahihi. Halafu ukampelekea rafiki yangu kalamu, akaandika sikuona. Ukaenda kwa wa nne, wa tatu, ukawaambia kila mmoja: "Kama uliona, andika niliona, na utie sahihi, na mimi mwenyewe nitakusindikiza. Kama hukuona, andika hukuona." Walikuwa wakiandika mmoja mmoja. Wengine walisogea kutoka nyuma waandike hata kabla ya kuulizwa.

Kim alikuwa wa mwisho. Alichukua kalamu. "Na ile walifanyia cousin yangu huko? Hiyo niliona, Mwalimu. Hiyo niliona na macho."

"Hiyo iandike," ulimwambia. "Iandike yote. Nitakaa hapa mpaka umalize."

Akakaa chini, kando ya jerikani, akaandika. Ukurasa mzima. Alikuwa analia na hakuna aliyemcheka. Alipomaliza, chini kabisa, aliandika kwamba kwa Baba Chebet hakuona kitu.

Sikudanganyi kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Siku ya pili Baba Chebet alipakia watoto kwenye lori la polisi akaenda, na wewe ulimsaidia kufunga kamba. Ulikuwa umemwambia akae, na hukuweza kumwambia hivyo tena. Lakini nyumba haikuchomwa, na stoo ilibaki na viazi vyake vya mbegu. Ng'ombe wake ulimpa Kim awakamue. Ulimwambia tu, "Kesho asubuhi, mapema," kana kwamba ni kazi ya nyumbani ya darasani, naye akaja.

Nilingoja unigombeze. Wiki nzima nilingoja. Nilipochoka kungoja nikakuuliza mbona hunisemi, ukasema, "Ulitia sahihi." Na hukulitaja jambo hilo tena mpaka ulipokufa. Sijui kama unajua jinsi jibu lako lilivyonipa kazi.

Baba Chebet alirudi mwezi wa tano, kupanda. Nilimwendea kabla hata hajafungua madirisha. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoroka, nikasema tu, "Ile meseji ilikuwa yangu."

"Najua," alisema. "Mwalimu aliniambia siku ile ile."

"Na juzi ulinisalimia tu kwa simu, kama kawaida?"

"Wewe nilikuwa nabeba kwa tractor ukiwa kidogo, ukilia unataka kushika usukani. Nikasirike mpaka lini, Wambui? Mimi niko na viazi ya kupanda." Halafu akanipa jembe. Nilipanda mistari kumi na minne siku hiyo, mgongo ukaniuma hadi Jumatano. Sikuwahi kufurahia maumivu namna ile.

Na sasa nikusimulie kitu ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa ndani ya sanduku.

Tulipoketi kuandika historia ya maisha yako ya kusomwa mazishini, tulifika kwenye kidole. Kile cha mkono wa kushoto kisichokuwa na ncha. Kaka Njoroge aliandika kwamba kilikatwa na mashine ya kukata nyasi za ng'ombe ukiwa kijana. Dada Nyambura akasema si kweli, ni mnyororo wa kengele ya shule, ulimwambia wewe mwenyewe. Nami nikawaambia wote mnakosea, ni punda aliyekuuma Subukia sokoni, nilikuwa kwenye mapaja yako uliponisimulia, ulinionyesha hata punda alivyofunga macho. Tuligombana, Baba, tukiwa na nguo nyeusi. Njoroge alipiga meza.

Mchungaji alikuja kutuamua. Alitusikiliza mmoja mmoja, akaanza kucheka. "Injili ni nne," alisema. "Na hakuna siku tumeketi kuchagua moja tuchome tatu. Someni zote."

Tukasoma zote. Nyambura alizisoma pale kaburini, mashine, kengele, punda, na watu wakaanza kusukumana mabega. Kisha Baba Chebet akainua mkono kutoka kwenye kwaya. "Na mimi aliniambia ni fisi," alisema kwa ile sauti ya besi. "Alisema walipigana mpaka asubuhi."

Watu walicheka, Baba. Walicheka kwa sauti, wale wa juu na wale wa chini, wale waliokuwa wamelala kanisani Januari na wale waliokuwa wamehama na lori la polisi. Kim aliinamia sepetu akicheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kuwasikia wote wakitoa sauti moja mahali pamoja. Tukamgeukia Mama, maana yeye lazima alijua.

Mama alipanga leso yake begani. "Mimi niliolewa hicho kidole kikiwa hakipo," alisema. "Nilikuta mwanamume mzuri. Sikuuliza."

Nimekuwa nikifikiri nitasikitika nikiandika barua hii, lakini ninapofika hapa naona natabasamu, na mteja wa kompyuta ya tatu ananitazama. Sina hofu tena na jambo nililofanya. Silisahau, na nikiulizwa nalisema. Tata Wacuka pia nimemwambia, akalia, kisha akaniuliza kama nimekula. Mama yuko sawa, amepanda kabeji upya. Njoroge bado anasema ni mashine.

Pumzika, Mwalimu. Huku tunaendelea, na tunaongea sana.

Mimi, kitinda mimba wako,
Wambui